Namna ya Kuisoma Operoni ya Laktosi Bila Kukariri Mchoro

Mwulize mwanafunzi wa baiolojia operoni ya laktosi ni nini, naye atachora. Atapiga mstari mrefu, ataugawa vipande, ataandika I, P, O, Z, Y na A, kisha ataweka duara juu ya O na mshale wa RNA polimerasi uliokwama mbele yake. Mchoro utakuwa sahihi kabisa. Halafu mtahini anamletea bakteria mwenye nakala mbili za vipande hivyo, moja ina hitilafu hapa, nyingine pale, na kumwuliza kimeng'enya kipi kitatengenezwa na lini. Mchoro haumfai tena. Makala haya ni ya mwanafunzi huyo, na ya mwalimu anayemwandaa.

Tuanze na shida inayomkabili bakteria mwenyewe, maana operoni ni suluhisho, na suluhisho halieleweki kabla ya shida. Escherichia coli anaishi utumboni. Leo mwenye utumbo amekunywa maziwa, kesho hakunywa. Ili bakteria huyu aitumie laktosi, yaani sukari ya maziwa, anahitaji protini mbili kwa wakati mmoja: pemiasi, inayokaa kwenye utando wa seli na kuiingiza laktosi ndani, na beta-galaktosidasi, inayoikata laktosi kuwa glukosi na galaktosi. Akiwa na moja bila ya pili, amejitaabisha bure. Akizitengeneza zote mbili wakati hakuna laktosi, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu beta-galaktosidasi ni protini nzito: kila mnyororo wake una amino asidi zaidi ya 1,000, na minyororo minne hushikana ndipo kimeng'enya kimoja kikamilike. Seli inayojenga vitu vya namna hiyo bila kuvitumia huachwa nyuma na wenzake katika kugawanyika.

Suluhisho la E. coli ni kuzipanga jeni mfululizo kwenye DNA: lacZ ya beta-galaktosidasi, lacY ya pemiasi, kisha lacA. Zote tatu hunakiliwa pamoja kuwa uzi mmoja wa RNA, kuanzia mahali pamoja panapoitwa promota, na ribosomu huusoma uzi huo zikitoa protini tatu tofauti. Uamuzi ni mmoja tu, kunakili au kutonakili, kwa hiyo vimeng'enya hupanda na kushuka pamoja. Pasipo laktosi seli huwa na molekuli chache tu za beta-galaktosidasi. Ikichochewa vilivyo huwa na maelfu, ongezeko la karibu mara 1,000. Kuhusu lacA usijisumbue sana. Kimeng'enya chake hakihitajiki ili bakteria amee kwenye laktosi, na watahini wenye huruma huiacha nje ya swali.

Kipi kinasafiri?

Kabla ya kujibu lolote, ichukue kila herufi ujiulize: je, hii inatengeneza kitu kinachoelea ndani ya seli nzima, au yenyewe ni sehemu tu ya DNA ambapo kitu kingine hushika? Kwa maoni yangu, anayelijua swali hili amemaliza robo tatu ya mada.

I ni jeni ya kizuizi. Kizuizi ni protini ya minyororo minne, kila mmoja wenye amino asidi 360, na kikishatengenezwa hakina habari na DNA iliyokizaa. Huelea, na kitashika opereta yoyote kitakayoikuta ndani ya seli. O, yaani opereta, haitengenezi chochote. Ni kipande kifupi cha DNA ambacho kizuizi hukishika. P, yaani promota, nayo haitengenezi chochote. Ni mahali RNA polimerasi inapoanzia kazi. Z na Y hutoa protini, lakini ruhusa ya kuzitoa iko mikononi mwa P na O zilizo kwenye uzi uleule wa DNA, si kwingine.

Fikiria nyumba yenye milango miwili. Kizuizi ni kufuli, opereta ni tumbuu iliyopigiliwa mlangoni, na laktosi ndiyo inayoleta ufunguo. Kufuli hubebeka: kama upande mmoja hauna makufuli, yale ya upande wa pili yatafunga milango yote miwili. Tumbuu haibebeki. Iking'oka, mlango ule hubaki wazi hata ukileta makufuli mia, na mlango wa pili hauhusiki kwa lolote. Na kufuli ambalo tundu lake limeziba, hata ufunguo hauingii, litafunga kila tumbuu nzima litakayoikuta, daima. Hitilafu tatu zinazopendwa na watahini ndizo hizo. I⁻ ni ukosefu wa makufuli, Oᶜ ni tumbuu iliyong'oka, na Iˢ ni kufuli lisilosikia ufunguo.

Haya hayakubuniwa mezani. Mwaka 1959, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Arthur Pardee, François Jacob na Jacques Monod walichapisha jaribio ambalo hadi leo linaitwa PaJaMo, kwa silabi za mwanzo za majina yao. Walichukua bakteria wenye I na Z nzima, wakawaacha wapitishe DNA yao kwa bakteria wengine ambao I na Z zao zilikuwa mbovu, bila kuweka kichocheo chochote, yaani kitu cha kuleta ufunguo. Dakika chache baada ya Z nzima kuingia, beta-galaktosidasi ilianza kutengenezwa kwa kasi. Muda ulipopita, uzalishaji ukakatika wenyewe, ila pale walipoongeza kichocheo. Maelezo ni mepesi ukiwa na swali letu mkononi: seli iliyopokea haikuwa na kizuizi hata kimoja, kwa hiyo Z ilikuta mlango wazi, lakini I nzima nayo ilikuwa imeingia, ikaanza kutoa vizuizi, na vilipotosha vikafunga. Jambo lililogundulika hapo ni kwamba I hufanya kazi kwa kuzuia, kupitia kitu kinachoelea. Kabla ya hapo Monod mwenyewe alielekea upande mwingine, akidhani kwamba bakteria wa I⁻ hujitengenezea kichocheo cha ndani.

Makala marefu ya Jacob na Monod yalitoka 1961 katika Journal of Molecular Biology, na 1965 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff. Kizuizi chenyewe hakuna aliyekuwa amekishika. Makala ya 1961 yalidhani huenda ni RNA. Ilikuwa 1966 ndipo Walter Gilbert na Benno Müller-Hill, wakiwa Harvard, walipokitenga na kuonyesha kwamba ni protini.

Kalamu na karatasi

Sasa tuingie kazini. Swali likikuletea nakala mbili, moja ya kromosomu na nyingine ya plasmidi, usilisome kwa mkupuo. Ziandike nakala hizo mistari miwili, moja chini ya nyingine. Anza na P: mstari wenye P⁻ ukatie msalaba kuanzia hapo hadi mwisho, kwani hakuna kitakachonakiliwa. Ila usiifute I ya mstari huo. Jeni ya I ina promota yake na RNA yake. Haimo ndani ya uzi wa Z, Y na A. Wanafunzi wengi huizika pamoja na wenzake, na swali huishia hapo.

Hatua inayofuata, acha kuangalia mistari na uiangalie seli nzima: je, kuna kizuizi humu? Kikipatikana popote, kipo kila mahali. Ukiona Iˢ hata mara moja, andika pembeni kwamba kufuli hili halifunguki. Kisha rudi kwenye mistari, utazame O ya kila mmoja peke yake. Z na Y ziangalie mwisho kabisa. Anayeanza na Z huona Z⁺ akafurahi, akaandika "kitatengenezwa" kabla ya kujua kama mlango uko wazi. Fanya mzunguko huu mara mbili, kwanza pasipo kichocheo, halafu kichocheo kikiwapo.

Tujaribu moja:

I⁻ P⁺ O⁺ Z⁺ Y⁻
I⁺ P⁺ Oᶜ Z⁻ Y⁺

Promota zote ni nzima, hakuna cha kukatia msalaba. Kizuizi kipo, kimetoka mstari wa pili, na ni cha kawaida. Pasipo laktosi, mstari wa kwanza una tumbuu nzima, umefungwa, kwa hiyo Z⁺ yake iko kimya. Mstari wa pili tumbuu imeng'oka, uko wazi, lakini Z yake ni mbovu. Kinachotoka ni pemiasi tu. Ukiweka laktosi, kizuizi kinaachia, mstari wa kwanza nao unafunguka na beta-galaktosidasi inatengenezwa. Jibu: beta-galaktosidasi hutengenezwa kwa kuchochewa, pemiasi hutengenezwa muda wote, na bakteria huyu atamea kwenye laktosi. Ona kwamba I⁻ haikuleta madhara yoyote. Mwanafunzi anayekariri kwamba I⁻ maana yake ni wazi muda wote angelikosa swali zima.

Lingine:

Iˢ P⁺ O⁺ Z⁺ Y⁻
I⁺ P⁺ Oᶜ Z⁻ Y⁺

Vizuizi viko vya aina mbili. Vya kawaida vitaachia laktosi ikija, vya Iˢ havitaachia, na kwa kuwa vinaelea vitaishika opereta ya mstari wa kwanza daima. Beta-galaktosidasi haitatengenezwa kamwe. Pemiasi itatengenezwa muda wote. Bakteria huyu anaingiza laktosi ambayo hana cha kuikatia. Kwenye sukari hiyo hatamea.

Kuna mtego mmoja ambao vitabu vingi vya shule huupita, nao ni mzuri kwa mwanafunzi aliyeshazoea. Nimesema kizuizi kina minyororo minne. Zipo hitilafu za I ambazo mnyororo hutengenezwa, hushikana na wenzake kama kawaida, ila hauwezi kuishika DNA. Huandikwa I⁻ᵈ. Mnyororo wa namna hii ukichanganyika na mizima katika kundi moja la wanne, huliharibu kundi. Hapo I⁺ ya nakala ya pili haitoshi kuokoa hali, na mlango hubaki wazi. Ni kinyume cha I⁻ ya kawaida, na sababu iko kwenye umbo la protini, wala si kwenye kanuni mpya. Vilevile, ukisonga mbele utakutana na opereta tatu badala ya moja. Ni kweli ziko tatu, na kizuizi kimoja kinaweza kushika mbili kwa pamoja na kuukunja uzi wa DNA katikati. Kwa maswali ya hitilafu, ile moja kuu inatosha.

Jambo jingine la kusoma kwa makini: swali linasema "laktosi" au "IPTG"? Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kinachokifungua kizuizi si laktosi yenyewe bali alolaktosi, na alolaktosi hutengenezwa na beta-galaktosidasi ileile, kwa kuigeuza laktosi kidogo kabla ya kuikata. Ndiyo maana operoni haifungwi kabisa. Zile molekuli chache zinazovuja wakati wa kufungwa ndizo zinazoingiza laktosi ya kwanza na kutoa alolaktosi ya kwanza. Seli isiyo na Z nzima hata moja haiwezi kuchochewa kwa laktosi, hata kama kila kitu kingine ni kizima. IPTG ni jambo tofauti: hukifungua kizuizi moja kwa moja, na seli haiwezi kuila, kwa hiyo haiishi. Watafiti huipenda kwa sababu hiyo.

Usisahau glukosi

Maswali rahisi huuliza habari ya laktosi tu. Maswali ya maana huongeza glukosi. E. coli akipewa sukari zote mbili hula glukosi kwanza, kisha hutulia kidogo, ndipo huanza laktosi. Monod aliona ukuaji wa namna hii, wa awamu mbili zenye kituo katikati, akauandika katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1941.

Promota ya laktosi ni dhaifu. RNA polimerasi hushika vizuri pale tu protini iitwayo CRP inapokuwa imekaa kando yake, na CRP haishiki DNA bila molekuli ndogo iitwayo AMP mviringo. Glukosi ikiwa tele, AMP mviringo hupungua. Pamoja na hilo, uingizaji wa glukosi huifunga pemiasi yenyewe, hivyo laktosi hubaki nje hata kama ipo mlangoni. Kwa wingi wa athari, hili la pili lina uzito mkubwa, lakini vitabu vya shule hulitaja kwa nadra na badala yake huibebesha AMP mviringo mzigo wote.

Katika kujibu, weka maswali mawili: kizuizi kimeachia? CRP imekaa? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, uzalishaji ni mkubwa. Kizuizi kikiachia bila CRP, ni mdogo. Kizuizi kikishika, ni karibu na sifuri bila kujali CRP. Hapo utajua la kusema kuhusu bakteria wa Oᶜ aliyewekwa kwenye glukosi: mlango uko wazi, ila hakuna wa kuusukuma, na kimeng'enya hutoka kidogo. Kuandika "muda wote, kwa wingi" ni kupoteza alama.

Kuyaona kwa macho

Mwalimu mwenye maabara ya chuo asiishie ubaoni. Beta-galaktosidasi ni kimeng'enya kinachoonekana kwa urahisi mno, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya operoni hii ijulikane kabla ya nyingine. Kuna kemikali isiyo na rangi iitwayo ONPG. Kimeng'enya kikiikata, maji hugeuka njano.

Tafuta aina ya E. coli K-12 yenye lac nzima, kama MG1655. Usichukue DH5α kwa kuwa tu ndiyo iliyojaa kwenye friji za maabara za jeni: lac yake imeondolewa kwa makusudi, na darasa zima litasubiri rangi isiyokuja. Wala usitumie bakteria wa mfereji au wa mgonjwa. Otesha kwenye maji ya chumvi yenye gliseroli, ambayo ni chakula kisichofungua wala kufunga kama glukosi ifanyavyo. Chupa moja iwe na gliseroli tu, ya pili gliseroli na laktosi, ya tatu glukosi na laktosi. Chupa ya nne iwe na gliseroli, na bakteria wakishamea uitie kloramfenikoli, dawa inayosimamisha ribosomu, kisha baada ya dakika chache uongeze IPTG.

Hiyo ya nne ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Bila hiyo, mwanafunzi mkaidi, na ukaidi wake ni wa haki, anaweza kusema kwamba kimeng'enya kilikuwapo tangu mwanzo kimelala, laktosi ikakiamsha. Ikiwa chupa ya pili inageuka njano na ya nne haigeuki, basi kimeng'enya kilitengenezwa upya. Wanasayansi wa Paris walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka kabla ya kulithibitisha kwa kutumia atomi zenye alama.

Bakteria wakishamea vya kutosha waweke kwenye barafu. Chukua kiasi sawa kutoka kila chupa, toboa utando wa seli kwa matone ya klorofomu na SDS, kisha ongeza ONPG na uandike saa. Rangi ikianza kuwa njano hafifu, si njano iliyokolea, zuia kwa myeyusho wa sodiamu kaboneti. Kaboneti hupandisha pH na kukiua kimeng'enya, na papo hapo huikoleza njano. Mwenye spektrofotometa apime mwanga wa nanomita 420, agawanye kwa muda, kwa ujazo na kwa wingi wa seli. Kanuni kamili imo katika kitabu cha maabara cha Jeffrey Miller cha 1972, na vipimo vyake huitwa yuniti za Miller. Asiye na mashine apange mirija mbele ya karatasi nyeupe na apige picha. Tofauti ya mara mia na zaidi haihitaji mashine. Ukimaliza, kila kilichogusa bakteria kiingie kwenye otoklevu au dawa ya klorini kabla ya kumwagwa, na klorofomu ishughulikiwe palipo na hewa.

Kama ONPG haipatikani, agari ya MacConkey, inayotumika katika maabara nyingi za hospitali, itasaidia: makundi ya bakteria wanaotumia laktosi huwa mekundu au ya waridi, wasioitumia hubaki meupe. Haitakupa namba wala haitatenganisha Z na Y, ila inatosha kwa darasa.

Njia nyingine za uratibu

Ukishaimudu lac, usiipake kila mahali. Operoni ya triptofani katika bakteria huyohuyo ina jeni tano mfululizo, trpE, D, C, B na A, zinazojenga amino asidi hiyo. Huko mambo yamegeuka: kizuizi hakishiki mpaka triptofani ikipate. Kabla ya kuanza swali, jiulize tu njia hii inavunja kitu au inajenga. Inayovunja hufunguliwa na malighafi ikifika, inayojenga hufungwa na bidhaa ikizidi. Operoni ya triptofani ina pia breki ya pili, iliyofafanuliwa na Charles Yanofsky wa Stanford. Mwanzoni mwa uzi wa RNA kuna peptidi fupi ya amino asidi 14, mbili kati yake zikiwa triptofani zilizopakana. Ribosomu ikipita hapo bila kukwama, maana yake triptofani ipo, na RNA hujikunja na kukatisha unakili. Kizuizi hupunguza uzalishaji kwa karibu mara 70, breki hii kwa karibu mara 10 zaidi.

Hamira haina operoni ya galaktosi, lakini inaratibu vilevile. Jeni zake GAL1, GAL10 na GAL7 ziko jirani, ila kila moja ina RNA yake, na GAL2 iko kwenye kromosomu nyingine kabisa. Kinachoziunganisha ni kwamba zote zina mahali ambapo protini moja, Gal4, hushika na kuziwasha. Mbinu yetu haibadiliki: Gal4 inasafiri, mahali pa kushika hapasafiri.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mwanafunzi kueleza kwa operoni kwa nini mtu mzima mmoja hunywa maziwa bila shida na mwingine huvimbiwa. Binadamu hana operoni ya laktosi. Ana jeni moja ya laktasi, ambayo kwa watu wengi duniani hupungua nguvu baada ya utotoni, wanywe maziwa wasinywe. Wanaoendelea kuwa nayo wana badiliko dogo la DNA karibu na jeni hiyo. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakionyesha kwamba badiliko lililoenea katika jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania si lile la Wazungu. Ni herufi moja, iliyoko karibu herufi 14,000 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktasi, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6. Sasa tumia swali letu. Herufi hiyo haitengenezi chochote kinachoelea, kwa hiyo huathiri jeni ya laktasi ya kromosomu yake tu. Na kwa kuwa nakala moja inayofanya kazi hutoa kimeng'enya cha kutosha, anayerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu naye huyeyusha maziwa.

Nakuachia swali la mwisho. Lifanye kwa kalamu, kwa mpangilio uleule, kabla ya kusoma jibu:

Iˢ P⁺ Oᶜ Z⁺ Y⁻
I⁺ P⁻ O⁺ Z⁺ Y⁺

Kuna laktosi, hakuna glukosi. Je, bakteria huyu atamea kwenye laktosi? Jibu ni hapana. Mstari wa pili umekufa kwa P⁻. Mstari wa kwanza uko wazi muda wote kwa sababu Iˢ haina pa kushika, na beta-galaktosidasi inatoka kwa wingi, lakini hakuna pemiasi ya kuiingiza laktosi. Kama ulisema atamea, rudia swali kuanzia kwenye msalaba wa P.